Mji Husomwa na Wenyeji Wake

Wazee walisema: Kutembea kwingi ni kuona mengi. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yataka nyongeza. Mtu aweza kuzunguka mji mzima, akaona majengo na magari na watu wengi, kisha akarudi kwake pasipo kuelewa neno. Mgeni huona ukuta. Mwenyeji ndiye ajuaye ni nani aliyeujenga, na kwa sababu gani.

Jambo hilo tulilitambua vema Lubumbashi, siku moja ya mwezi wa saba, wakati wa baridi na vumbi jekundu. Sisi tu watu wa Kivu. Huko tulipokelewa na rafiki yetu, mwalimu kama sisi, pamoja na mke wake na mzee wake, ambaye umri wake umepita miaka 80. Mzee huyo alisema: “Wanangu, leo wageni ni wangu.” Basi tukamfuata.

Tulianza katikati ya mji. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Elisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Jina la Lubumbashi, ambalo ni jina la mto wake, ulipewa mwaka 1966. Mwaka ule ule wa 1910 reli ilifika kutoka kusini, katika nchi iitwayo leo Zambia, na mwaka 1911 tanuru za Union Minière zilianza kuyeyusha shaba. Tuliingia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, tukasali kidogo, kisha tukaenda kwenye makumbusho. Huko mna misalaba midogo ya shaba, ambayo zamani watu walinunua na kuuza nayo kama fedha. Misalaba ya namna hiyo imechimbuliwa pia huko Sanga, katika makaburi ya kale. Mzee alituambia: “Angalieni vizuri. Watoto wetu hudhani kwamba shaba ilikuja pamoja na reli. Sivyo. Wakubwa wetu waliijua zamani sana.”

Tulipotoka tuliiona dohani kubwa ya kiwanda, yenye urefu wa mita 153, na kando yake kile kilima cheusi cha mabaki ya madini. Hakuna mgeni asiyepiga picha hapo. Lakini mzee hakuangalia juu. Aliangalia chini, penye tanuru. Baba yake alikuwa ameletwa kutoka Lomami kufanya kazi pale. Wengine walitoka Kasai, wengine Rwanda na Burundi, wengine Rhodesia. Miaka ya kwanza wengi waliugua na kufa kambini. Baadaye, tangu miaka ya 1920, kampuni iliona faida ya kuwaacha wafanyakazi wakae na wake zao, na kambi zikajaa watoto. Watu wa makabila hayo yote walihitaji lugha moja, na Kiswahili kikawa lugha ya mji. Sisi wa Kivu twasema bugali, wao husema bukari. Lakini siku ile hatukukosa kusikilizana.

Saa sita ilipokaribia, rafiki yetu alitaka tupande gari kwenda Kamalondo. Mzee alikataa. “Twende kwa miguu,” akasema, “ndipo wageni watajua.” Tukaenda, na njiani akatueleza. Mwaka 1921 serikali ya kikoloni iliamuru Waafrika wahamishwe mbali na nyumba za Wazungu. Katikati uliachwa ukanda mtupu wa ardhi, wenye upana wa mita mamia kadhaa. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya. Asubuhi wafanyakazi waliuvuka kwenda kazini, na jioni iliwapasa kuuvuka tena kurudi kwao. Leo majengo yameingia humo, na kijana apitaye hapo hajui kwamba anakanyaga mpaka. Sisi pia tungalipita katika gari, tusijue kitu.

Huko Kamalondo mama alikuwa ametuandalia bukari, sombe na samaki. Tulipokwisha kula, mzee alianza kusimulia habari za tarehe 9 Desemba 1941. Wakati ule wa vita bei za vitu zilikuwa zimepanda, na wafanyakazi waligoma wakidai mishahara ya kutosha. Walikusanyika katika uwanja wa mpira. Askari wakawapiga risasi, na watu makumi wakafa. Mama alimkatiza kwa heshima: “Baba, wageni wamekuja kufurahi. Na watoto wanasikia.” Mzee akanyamaza kidogo, kisha akajibu: “Mama, wasikie. Mimi nikienda, ni nani atakayewaambia? Siwaambii ili wachukie mtu. Nawaambia ili wajue bei ya mji huu.”

Hakuna aliyejibu. Mjukuu mmoja, mtoto wa miaka 10 hivi, alisogeza kiti chake karibu na babu.

Jioni watoto walitaka nasi tuone chao, yaani uwanja wa TP Mazembe, uliofunguliwa papo hapo Kamalondo mwaka 2011. Timu hiyo ilianzishwa na watawa Wabenedikto mwaka 1939, na mwaka 2010 ilikuwa ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Walituhesabia ushindi wote, na mzee alicheka nao kwa moyo wote.

Ninyi wanafunzi, kila mmoja wenu ana mji au kijiji chake, na humo yumo mzee ajuaye yasiyoandikwa. Msingoje mgeni aje kumwuliza. Mwombeni atembee nanyi polepole, kwa miguu, awaonyeshe njia walizopita baba zake. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na mzee akifa pasipo kuulizwa, hakuna atakayetujibu tena.