Uzi wa mi



Wengi wenu munakumbuka ile siku ya Mungu ya trimestri ya pili, kwaya ilipokatika katikati ya wimbo. Wamoja walicheka, wengine walikasirika. Kisha, wakati wa kupandisha bendera, mulisikia jina letu. Lakini pale mbele ya bendera mutu hapati nafasi ya kueleza. Kwa hiyo sisi, kapita wa interna, tunaandika hapa habari yote tangu mwanzo, mbele ya kuondoka kwenda egzamen ya Leta.

Ilianza likizo ya Noeli. Yaya wetu anayekaa Lubumbashi alifika nyumbani na simu yenye muziki wa roki nzito, ile inayoitwa metali. Jioni moja alitusikilizisha kikundi cha Black Sabbath, cha Birmingham kule Uingereza, kutoka sahani yao ya mwaka 1971 yenye jina Master of Reality. Gitari ilikuwa inalia chini sana, sawa lori yenye mizigo inayopanda mulima kwa vitesi ya kwanza. Tukauliza: «Yaya, hii gitari iko na nyuzi za namna gani?» Akajibu: «Nyuzi ni sita tu, kama zenu. Wamezilegeza.»

Akatueleza habari ya mupigaji wake, Tony Iommi. Mwaka 1965, akiwa kijana wa miaka 17, Iommi alikuwa anafanya kazi katika kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho ya kazi, mashini ilimukata ncha za vidole viwili vya mukono wa kuume. Yeye hupiga kwa mukono wa kushoto, kwa hiyo ule wa kuume ndio unaobana nyuzi juu ya shingo ya gitari. Alifikiri muziki umekwisha kwake. Lakini kapita wake wa kiwanda alimuletea sahani ya Django Reinhardt, mupigaji aliyeunguzwa na moto mwaka 1928, akabaki na vidole viwili tu vyenye nguvu katika mukono wa kushoto, na akaendelea kupiga hata dunia ikamusikia.

Iommi akapata moyo. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea kofia ndogo za vidole, akabandika ngozi juu yake. Akatafuta nyuzi nyembamba. Na kwa ile sahani ya 1971, katika nyimbo zingine, akashusha nyuzi zote kwa nusu-toni tatu: mi ikawa do dieze. Uzi uliolegea haumizi kidole sana. Basi ile sauti nzito, ambayo vijana wa inchi nyingi waliiga kisha, mwanzo wake ulikuwa pia dawa ya kidonda.

Sisi hatukuwa na kidonda. Tulikuwa na hamu tu, na tulikuwa na ufunguo wa kabati ambamo gitari ya kwaya inalala.

Kuna namna ingine ambayo wapigaji wa metali wanaipenda, nayo ni nyepesi: kushusha uzi mumoja tu, ule munene wa sita, kutoka mi hadi re. Nyuzi zingine zinabaki pale zilipo. Sasa nyuzi tatu za chini zinalia re, la, re. Ukilaza kidole kimoja juu ya zote tatu, unapata akordi nzima yenye nguvu. Ukisogeza kidole, akordi inasogea nayo, mbio kama unavyotaka. Ndani ya akordi ile hakuna sauti ya tatu, ile inayotuambia kama wimbo ni wa furaha ao wa huzuni. Kwa gitari ya umeme yenye kukwaruza, sauti ya tatu ingechafua mambo. Bila yake inabaki safi na ngumu sawa jiwe.

Fizika nayo ilitusaidia. Mi ya chini inatetemeka mara 82 hivi kwa sekunde, re inatetemeka mara 73. Ni tofauti ndogo, lakini nguvu inayovuta uzi inapungua karibu sehemu moja ya tano. Ndiyo sababu uzi unakuwa laini, na ukiupiga kwa nguvu unagonga vile vyuma vya shingo na kulia zzz. Wanaotaka kushuka mbali zaidi wanaweka uzi munene zaidi.

Basi siku ya posho, kisha chakula cha magaribi, tulichukua gitari pamoja na wenzetu wawili, tukaenda nyuma ya dortwari. Tukalegeza uzi wa sita polepole hata ukalingana na uzi wa nne, re kwa re, moja chini moja juu. Kwa kuhakikisha, tulibana uzi wa sita kwenye chuma cha saba: ukalia la, sawasawa na uzi wa tano. Gitari ile ni ya mbao tu, haina umeme, lakini ilinguruma. Tulifurahi kupita kiasi. Kengele ya kulala ikalia. Tukakimbia kurudisha gitari katika kabati, na uzi tukauacha vile vile katika re.

Kesho yake ndugu wa mwaka wa ine ambaye anapigia kwaya hakuangalia nyuzi, maana alikuwa amezilinganisha siku ya posho muchana. Wimbo ulianza na akordi ya la, vizuri kabisa. Alipofika kwenye mi, uzi wa chini ukajibu re. Mabesi wakafuata gitari, sauti za juu zikabaki peke yao, na wote wakanyamaza. Munaijua hiyo sehemu.

Sehemu musiyoijua vizuri ni hii. Wakatafuta mwenye kosa. Mutu mumoja akasema alimuona mutoto wa mwaka wa kwanza karibu na kabati siku ya posho. Ni kweli alikuwa pale: alikuwa anafagia, ilikuwa zamu yake. Alipewa azabu ya kukata majani nyuma ya kanisa siku tatu. Na nani anaandika azabu katika daftari? Kapita. Tuliandika jina lake kwa mukono wetu wenyewe. Na nani anasimamia azabu? Kapita. Tulisimama pale, mikono nyuma, tukimutazama.

Siku ya kwanza tulijiambia kwamba siku tatu ni kidogo. Siku ya pili tulijiambia kwamba kapita akianguka, interna yote itaanguka. Mutu anayeogopa hakosi maneno mazuri.

Siku ya tatu yule mutoto aliweka kupa-kupa chini, akapanguza jasho, akatuuliza kwa heshima: «Yaya kapita, wanasema niliharibu mi. Mi ni uzi gani?»

Hatukuweza kumujibu. Mutoto alikuwa anaazibiwa kwa uzi ambao hata jina lake hakulijua. Tukakumbuka yule kapita wa kiwanda kule Birmingham. Yeye alimuona kijana aliyeumia, akamuletea sahani. Sisi tulimuona mutoto asiye na kosa, tukamuandika katika daftari.

Tukamuambia mutoto aende kuoga. Tukaenda kwa Prefe. Tulianza: «Prefe, sisi tulichukua gitari, sisi tukashusha uzi, sisi…» Akatukatiza: «Sisi, sisi! Ni nani?» Tukasema: «Ni mimi.»

Prefe alitunyanganya ufunguo hata mwisho wa mwaka, na tulimaliza yale majani wenyewe. Alituacha na ukapita, akasema sasa ndipo tutajua uzito wake. Tulimuomba yule mudogo musamaha mbele ya dortwari yote. Alisema tu: «Asante, yaya.» Tulikuwa tunataka agombe kidogo, ingetupunguzia haya.

Mwalimu wa muziki naye alitushangaza. Tulifikiri atatukataza kugusa nyuzi maisha yote. Kumbe alisema kubadilisha nyuzi si kosa. Wapigaji wa rumba wa hapa kwetu Congo wako na mi-compose: wanaondoa uzi munene wa re, wanaweka mwembamba unaolia re ya juu, na gitari inapata ule mulio wa kungaa tunaoupenda. Kila mutu anaweka nyuzi kwa kazi yake. Lakini gitari ya wote, ukiishusha bila kusema, unawafanya wote kuwa waongo: mupigaji anabana mahali pa haki, na inatoka sauti ya uongo.

Leo kuna kadaftari ndani ya kabati. Anayeshusha uzi anaandika jina na saa. Akirudisha, anaandika tena. Kurudisha si vigumu: kaza mpaka uzi wa sita, kwenye chuma cha tano, ulie sawa na uzi wa tano ulio wazi. Yule mudogo tulimufundisha hivyo kila juma ya tatu, na sasa yeye ndiye anayejaribu nyuzi mbele ya mazoezi ya kwaya. Akikuta uzi umelegea hata kidogo, anatugeukia na kuuliza: «Yaya, nani ameushusha?» Wote wanacheka. Sisi pia tunacheka, lakini kidogo.

Ninyi mutakaokuwa makapita mwaka ujao, kalamu ya daftari ni nyepesi sana mukononi. Mbele ya kuandika jina la mudogo wenu, muulizeni kwanza kama anajua mi ni uzi gani.

Kapita wa interna, mwaka wa sita