Kiporo Ndani ya Boflo

Mwaka 1980 nilikuwa darasa la tatu, Mombasa, na mapumziko yakifika tulikuwa tukigaiwa maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti za pembe tatu. Wenzangu wengi walikuja na slesi mbili zilizopakwa siagi na jemu nyekundu. Mimi nilikuja na boflo lililofungwa kwa gazeti, na ndani yake mna kilichobaki jana usiku.

Mamangu hakununua kitu cha kutia kwenye mkate. Anunue cha nini, na sufuria bado ina kitu? Mbaazi za nazi zikilala tui hushika, basi alizipaka kwa mgongo wa kijiko. Samaki wa kukaanga alimchambua miba, akamkamulia ndimu, akamchanganya na vitunguu vilivyooshwa kwa chumvi. Mara mojamoja palikuwa na yai la kuchemsha lililopondwa na achari ya embe. Boflo alilipasua ubavuni bila kulitenga vipande viwili, akachokoa mnofu kidogo ili pawe na nafasi, na ule mnofu akanitia mdomoni nikiwa nimeinama nafunga viatu.

Niliona haya. Nilikula nimeelekea ukutani, na ganda la mkate limeshika wino wa gazeti.

Aliyenigeuza uso ni jirani yetu, mama wa Kihindi ambaye wazee wake walitoka Kutch. Jumamosi moja alituita kibarazani kwake akatupa dabeli. Kijimkate cha duara kilipashwa kwa siagi kwenye chuma cha chapati. Ndani yake alitia mbatata zilizopondwa na bizari, chatini ya tende na ukwaju, nyingine ya kitunguu thomu, njugu zilizokaangwa kwa pilipili, na mwisho punje za komamanga. Komamanga ndani ya mkate! Nilipouma nilianza na ulaini, zikafuata njugu, kisha zile punje zikapasuka baridi katikati ya moto wa pilipili. Dabeli ni chakula cha Mandvi, bandari ambayo majahazi yake yalikuja na kaskazi hadi Mombasa na Unguja. Mkate wake huitwa pav, neno waliloachiwa na Wareno, kama sisi tulivyoachiwa meza na leso.

Mamangu alikula kimyakimya, akauliza maswali mawili matatu, tukarudi nyumbani. Jumatatu nilikuta njugu ndani ya mbaazi zangu.

“Zilikosa cha kutafuna, mwanangu,” akaniambia.

Tangu siku hiyo kiporo hakikutiwa tena jinsi kilivyo. Samaki alipata vipande vya muhogo mkavu uliokaangwa. Mayai yalipata embe bichi. Mimi nami nikaacha ukuta, na kabla ya muhula kwisha kuna msichana aliyekuwa akinipa jemu yake nimkatie nusu.

Baadaye nilikwenda Kampala, nikala rolex pale Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere. Kijana alikatia kabichi na nyanya ndani ya mayai, akayamwaga kwenye chuma, akafunika kwa chapati na kuikunja. Nikaelewa kuwa hata boflo lenyewe si lazima.

Siku hizi mkate unauzwa umeshakatwa, laini kama pamba, na sandwichi za madukani ni kuku na mayonezi, kuku na mayonezi. Siupendi ulaini ule. Ukiguswa na chatini tu unalegea na kukatikia mkononi. Huuchoma kwanza kwenye kikaango kikavu, nikapaka siagi hadi ukingoni ili majimaji yasipenye. Kisha naponda parachichi kwa ndimu, natia omena waliokaangwa wakakauka kau, dania, na embe bichi lililokatwa nyuzinyuzi. Huu ndio mkate ninaoupenda kuliko yote niliyowahi kuonja, na omena ni wa jana.

Mamangu yu hai, namshukuru Mungu, ila meno yamekwisha. Mwezi uliopita nilimtengenezea boflo la mbaazi. Njugu nilizitwanga kwenye kinu hadi zikawa unga wa chengachenga, zisimsumbue. Alilifunua, akalitazama, akalifunika tena.

“Komamanga hukutia?”

Nikachukua kikapu, nikatoka kwenda sokoni.