Sushi ni Wali

Osaka, Japani

Ndugu zangu,

Nataka tubishane. Huko nyumbani sushi ikitajwa tu, mtu hukunja uso: Wajapani na samaki wao mbichi! Samaki mbichi aliyekatwa vipande bila wali ana jina lake huku, sashimi, na hakuna anayemwita sushi. Neno sushi asili yake ni uchachu, na kinachoifanya sushi iwe sushi ni wali uliokolezwa siki, chumvi na, mara nyingi, sukari. Kipande cha mayai ya kukaanga juu ya tonge la wali huo ni sushi kamili. Hata inari, ambayo ni wali uliotiwa ndani ya kifuko cha tofu ya kukaanga, ni sushi, na haina kipande cha samaki hata cha dawa.

Historia nayo iko upande wa wali. Sushi ilianza kama njia ya kumhifadhi samaki asioze, na kando ya ziwa Biwa, mkoani Shiga, njia hiyo ya kale ingali hai. Samaki hutiwa chumvi kwa miezi, kisha hupangwa na wali ndani ya pipa na kugandamizwa kwa mawe. Wali ukichacha, uchachu wake humkinga samaki. Mwishowe samaki huliwa na wali, uliokwisha kuwa kama uji, kwa desturi ukatupwa. Hiyo ndiyo funazushi, na harufu yake si ya mchezo, ingawa mla ng'onda hatatimua mbio. Baadaye watu walichoka kungoja, wakaanza kuula na wali, kisha siki ikashika nafasi ya kuchachisha. Tonge dogo la kiganja, nigiri, lilipata umaarufu katika miaka ya 1820 mjini Edo, Tokyo ya leo, na sifa hupewa muuzaji Hanaya Yohei. Zama hizo hakukuwa na friji, kwa hiyo samaki wengi walilowekwa kwenye siki au sosi ya soya, au walipikwa kabisa.

Mtaniuliza: mbona leo vioo vya maduka vimejaa jodari na samoni wabichi? Sikatai, ila huo ni ulaji uliokuja na friji. Samoni mbichi ni mgeni zaidi, kwani ni Wanorwei waliokuja kumnadi samoni wao wa kufugwa miaka ya 1980. Wajapani walikuwa wakimpika wa kwao kwa kuhofia minyoo. Hofu hiyo ni ya haki. Siki haiui minyoo. Huuawa kwa moto au kwa kugandishwa vilivyo, na samaki aliyelala juu ya barafu sokoni hajagandishwa. Msijaribu na changu wa asubuhi.

Anayeanza aanzie hapa Osaka, kwenye oshizushi: wali na samaki hugandamizwa ndani ya kisanduku cha mbao, kisha hukatwa vipande, na kwangu ndiyo iliyo karibu zaidi na lile pipa la mawe. Kuna pia maki, inayoviringwa kwa mwani (si ule wa Paje kule Zanzibar, huu hukaushwa ukawa kama karatasi), na nigiri ya kamba wa kuchemsha au mkunga aliyepikwa. Nigiri huliwa kwa mkono bila aibu yoyote. Kwenye sosi chovyeni upande wa samaki. Wali umekwisha kukolezwa, na ukilowa humeguka.