Kabla Hatujabomoa Ile Stoo



Tangu wazee wa kanisa watangaze kwamba tumepata nafasi ya kununua ile stoo kuukuu ya mahindi, simu yangu haijapumzika. Wengine mnaandika kwamba tuibomoe mpaka msingi, tujenge kanisa la kisasa lenye vioo. Wengine mnasema kuta ni nzima, tuezeke upya tuingie kabla ya mvua ya Aprili. Na yuko mama mmoja aliyenisubiri baada ya maombi ya Jumatano akaniambia, "Mchungaji, mimi siwezi kuinua mikono mle ndani. Nilipeleka magunia kumi na manne, yakapimwa, nikaandikiwa karatasi. Mpaka leo sijaona shilingi."

Ni neno la huyo mama lililonifanya nifungue Walawi 14, kuanzia mstari wa 33. Wengi wetu tukifika hapo huwa tunapita mbio. Rudi usome polepole.

Nyumba imeingiwa na ugonjwa, ukuta una madoa ya kijani na mekundu yaliyozama ndani. Mwenye nyumba anamwita kuhani. Vyombo vyote vinatolewa kwanza. Kuhani anaingia, anatazama, anaifunga nyumba siku saba, kisha anarudi kutazama tena. Kama doa limeenea, yale mawe yenye doa yanang'olewa na kutupwa nje ya mji. Kuta zinakwanguliwa ndani pande zote, mawe mengine yanatiwa, nyumba inapakwa upya. Doa likirudi baada ya kazi hiyo yote, ndipo nyumba inabomolewa. Mungu hakuona haya kumfanya kuhani wake mkaguzi wa majengo, lakini siku ya kwanza hakumpa nyundo.

Tena mstari wa 34 unasema ni nyumba za nchi ya Kanaani. Israeli walikuwa wanaingia katika nyumba ambazo hawakuzijenga wao. Kumbukumbu 6 inasema hivyo waziwazi. Sisi wa Lumakanda tunaijua habari hiyo. Baba zetu walipopata mashamba katika mipango ya makazi ya Lugari miaka ya 1960, walirithi ardhi iliyokuwa ya walowezi, pamoja na yaliyojengwa juu yake. Katika nchi hii yote iliyokuwa ya walowezi, mpaka Uasin Gishu na Trans Nzoia, nyumba za wenye mashamba zilikuja kuwa shule, ofisi, na makao ya watu ambao zamani wangesimama nje, kofia mkononi.

Ukipita Kitale ukapanda hadi Kapenguria utakuta makumbusho ndani ya jela walimofungwa Jomo Kenyatta na wenzake watano wakati wa kesi yao ya 1952 na 1953. Seli hazikubomolewa. Mwaka 1993 milango ilifunguliwa kwa watoto wa shule. Nairobi nako kuna Kipande House, iliyojengwa 1913, ambapo Waafrika waliandikishwa na kupewa kile kipande cha kuvaa shingoni. Leo ni benki, na mjukuu wa aliyevaa kipande anaingia kuweka pesa zake. Mimi naona Kapenguria walifanya vizuri zaidi, kwa sababu ukiingia unaambiwa palikuwa nini. Benki haina kazi ya kukueleza.

Sasa turudi kwenye stoo yetu. Nilizunguka nayo na fundi wetu Jumamosi. Matofali ni ya kuchoma, tena yalichomwa vizuri. Nyufa nyingi ni za plasta tu, nyembamba kama unywele. Lakini upande wa mtoni kuna ufa unaoshuka kwa ngazi kutoka pembe ya dirisha, na huo ni msingi ulioketi. Kona ile itachimbwa, iongezewe msingi, na ukuta wake ujengwe upya. Mbao za paa zimeliwa na mchwa. Na vijana mnisikie: yale mabati ya kijivu ni asbesto. Asipande mtu na nyundo! Vumbi lake linaingia kwenye mapafu, na ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka ishirini au thelathini. Sheria ya Kenya inayahesabu kuwa taka hatari, na anayeyaondoa ni mwenye leseni ya NEMA. Hayo ndiyo mawe yenye doa. Mengine yanaweza kubaki.

Kijana wetu mmoja anayesomea usanifu alinipa habari ya wasanifu wawili Wafaransa, Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, waliopewa tuzo ya Pritzker mwaka 2021. Msimamo wao ni kutobomoa kamwe. Mwaka 1996, mjini Bordeaux, waliitwa kupendeza uwanja mdogo wenye miti. Wakautazama kwa muda mrefu, wakasema tayari unapendeza: badilisheni kokoto, itunzeni miti, fagieni mara kwa mara. Baadaye, katika mji huohuo, walizipanua nyumba 530 za ghorofa za miaka ya sitini bila kuwahamisha wapangaji. Kijana akaniongezea kwamba saruji inaanza kwa kuchoma chokaa na udongo mpaka nyuzi 1,450, na moshi wa viwanda hivyo ni sehemu ya kinachovuruga mvua tunayoingojea mashambani. Kuni za matofali yetu zilishateketea zamani. Kwa nini tuchome nyingine?

Najua mtaniletea Mathayo 9, divai mpya na viriba vikuukuu. Nimeshaletewa mara tatu. Wapendwa, Yesu hakuwa anazungumza habari za kuta. Paulo alifundisha Efeso miaka miwili katika darasa la Tirano, jengo la shughuli nyingine kabisa, na Matendo 19 inasema Asia yote ililisikia neno.

Kwa hiyo kuhusu kuta, mimi nasema zibaki. Lakini yule mama hakuniuliza kuhusu kuta.

Doa lake haliondoki kwa plasta. Pesa tutakazolipa zinaenda kwa walewale wanaodaiwa magunia, na tukizitoa hivihivi, tutakuwa tumenunua mahali pa kuabudu juu ya jasho la washirika wetu wenyewe. Nimewaomba wazee wapeleke sharti moja: wenye madai walipwe kwanza kutoka kwenye bei hiyo, mbele ya wakili, ndipo tutie sahihi. Wenye stoo wakikataa, hatununui, hata kuta zingekuwa za marumaru.

Vijana wanataka ile mizani yenye kutu iuzwe kama chuma chakavu. Mama anataka ibaki mlangoni. Mimi niko na mama.

Jumapili hii baada ya ibada, kila mwenye karatasi ya magunia aje nayo, hata kama panya wameila nusu. Kama ni ya marehemu baba yako, ilete. Katibu atakuwa na daftari kwenye meza ya nyuma. Asiye na karatasi aje na mtu aliyemwona akipima.

Mbarikiwe. Mchungaji wenu.