Grant Alipolala Chali

Ukimwona buibui mkubwa wa shimoni amelala chali, miguu juu, usikimbilie kumtupa. Wengi humtupa wakidhani kesha kufa, kumbe ndiyo kwanza anahangaika aishi. Haya niliyaona kwa macho yangu hapa Kayanga, katika chumba kimoja cha kupanga chenye wagonjwa wawili na muuguzi mmoja. Mgonjwa wa kwanza ni mdogo wangu, aliyevunjika mguu kwenye ajali ya bodaboda. Wa pili ni buibui. Muuguzi ni mimi, mhitimu wa kidato cha nne, mwandishi wa riwaya ambayo haijapata mchapaji.

Buibui huyo alitoka Nkwenda, wilaya ya Kyerwa. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ila wazee wetu bado husema Karagwe tu, kote kote. Mjomba alikuwa akichimba mashimo ya kupandia kahawa kando ya migomba, jembe likafumua shimo lililotandikwa utando mweupe kama hariri. Likatoka dude lenye manyoya, kubwa kama kiganja cha mtoto, mguu mmoja umekatwa na jembe. Mjomba akainua jembe amalizie kazi.

"Mjomba, niachie huyo," nikamwambia.

"Mwanangu, shule imekuharibu," akajibu, lakini jembe akalishusha.

Jina alimpa mdogo wangu. Alikumbuka somo la historia: Speke na Grant walifika kwa mfalme Rumanyika wa Karagwe mwezi Novemba 1861. Januari 1862 Speke akaendelea na safari ya Buganda, Grant akabaki nyuma miezi kadhaa kwa sababu ya mguu uliooza kwa kidonda. "Basi huyu ni Grant," akasema mdogo wangu, akiutazama mguu wake mwenyewe ndani ya plasta ngumu. "Na mimi ni Grant wa pili."

Nilimtengenezea nyumba ndani ya ndoo ya rangi: udongo hadi nusu, kifuniko nimekitoboa matundu, maji kwenye kizibo cha soda. Chakula chake nyenje na mende, na mende kwa nyumba za kupanga si shida kupata. Sikumshika kwa mkono hata siku moja. Tarantula wa Marekani wana manyoya ya kuwasha ambayo huyarusha kwa adui. Hawa wa Afrika hawana, kwa hiyo silaha yao ni meno, na kung'atwa nao si mchezo.

Wiki ya tano Grant akagoma kula. Tumbo likavimba, rangi ikafifia kama shati la shule la mwaka wa tatu. Nyenje wakawa wanampita mbele ya uso naye kimya. Hapo ndipo ninapotaka uwe makini, msomaji: buibui akifika hatua hiyo, mtoe nyenje ndani. Buibui anayebadili ngozi ni laini mno, na nyenje mwenye njaa anaweza kumtafuna yeye. Mwachie maji, mwache gizani, usimsogeze.

Kumbe na mama mwenye nyumba alikuwa na hesabu zake. Alishasikia ati vijana wa chumba cha mwisho wanafuga uchawi kwenye ndoo. Kodi tulikuwa tumechelewa, maana bodaboda ndiyo iliyokuwa ikilipa, na dereva ndiye huyo kitandani. Alhamisi jioni akaja, akafunua ndoo, akamkuta Grant juu ya zulia la utando, miguu juu.

"Mwanangu, dudu lenu limekufa. Katupe chooni kabla halijanuka."

"Hajafa, mama. Buibui wa namna hii akifa, mara nyingi hubaki kifudifudi, miguu kaikunja chini ya mwili. Huyu kalala chali, anavua ngozi."

"Na asipovua?"

Sikuwa na jibu. Wapo wanaokwama katikati, mguu hautoki, wakafa hivyo hivyo. Nikamwomba atupe mpaka asubuhi. Akatazama ndoo, akamtazama mdogo wangu, akasema, "Asubuhi, na kodi mnieleze," akatoka.

Usiku ule riwaya ililala. Nilimburuta mdogo wangu na mto wake karibu na ndoo, tukawasha tochi mara moja moja tu. Kifuniko cha mgongo kikafunguka kama mfuniko wa sufuria. Kisha miguu ikaanza kuchomoka, polepole, kama mtu anayevua soksi zilizolowa, ila soksi zenyewe saba kwa mpigo. Anachokivua si ngozi ya nje peke yake: hata utando wa ndani wa tumbo la chakula na wa mapafu yake hutoka humo humo. Ilichukua saa kadhaa. Mdogo wangu hakusema kitu mpaka mwisho.

"Kaka, hesabu miguu."

Nikahesabu. Minane. Wa nane mwembamba, mfupi, umepauka kama chipukizi la kiazi lililoota kabatini, lakini upo. Meno yalikuwa meupe. Hapo usimpe chakula. Subiri wiki moja au mbili mpaka yawe meusi na magumu. Mguu mpya nao haukamiliki kwa mara moja, huongezeka kila anapovua tena, na buibui mzima huvua kama mara moja kwa mwaka, pengine zaidi ya hapo.

Sisi watu wa Kagera mambo haya tunayala bila kujua. Senene tunayemkaanga mwezi wa Novemba alishavua ganda mara kadhaa majanini, na mbawa anazorukia amezipata alipovua la mwisho.

Asubuhi mama mwenye nyumba alikuja, nikamwonyesha ganda. Alilitazama muda mrefu, akauliza kama yule mwingine ndiye mtoto wake. Kodi alitupa wiki tatu.

Plasta ya mdogo wangu ilikatwa mwezi uliofuata. Mguu ulitoka mwembamba, mkavu, ngozi inabanduka, na yeye, aliyekuwa akibeba magunia mawili ya kahawa kwa pikipiki, akageuza uso ukutani. Maneno ya kumfariji niliyoyaandaa yakaniishia. Alipogeuka ni yeye aliyeuliza.

"Grant alianza kula baada ya siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Basi nipe fimbo. Kumi na mbili zangu naanza leo."