Sindano Uliyoikimbia

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Rehema,

 

Mama yako amenipigia simu kwamba daftari lako la kliniki lina nafasi tupu. Mwezi wa tatu hukuchomwa sindano, wa nne hukuchomwa. Ulipoulizwa ukajibu kuwa huumwi, unacheza netiboli, unapanda ngazi za bweni bila kuhema, na wenzako wameanza kukuita mgonjwa. Mama yako analia. Mimi nimeona niandike. Nimekuwa muuguzi hadi kustaafu, na tena mimi ni shangazi yako: yale ambayo mama huona haya kumwambia binti yake, mimi nina ruhusa nayo.

Wewe unajiona mzima, nami nakuamini. Lakini nani kakwambia kwamba sindano ile ni ya kuondoa maumivu?

Kumbuka ulivyokuwa darasa la sita. Koo lilikuuma, ukashindwa kumeza hata uji, kisha likapona lenyewe. Wiki mbili tatu zikapita, goti likavimba. Likapoa, kifundo cha mguu kikashika zamu, halafu kiwiko. Bibi yako akasema unakua. Jirani akasema umetupiwa kitu. Ukapimwa malaria, ukapimwa seli mundu, hakikuonekana kitu. Nashukuru hakuna aliyekupeleka kukatwa kimeo, maana huku kwetu mtoto akiumwa koo bado wapo wanaokimbilia wembe. Mwishowe daktari akasikia sauti isiyo ya kawaida kifuani, akakuandikia kipimo cha eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ndipo tukaambiwa ni homa ya rumatiki na kwamba mlango mmoja wa moyo, yaani valvu, unavuja kidogo.

Kinachotokea ni hivi. Maumivu yale ya koo huletwa na bakteria aitwaye streptokoka. Kinga ya mwili inapompiga, kwa baadhi ya watoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, hukosea shabaha, kwa kuwa sehemu za bakteria huyo zinafanana na nyama za moyo wenyewe. Viungo vikivimba hupona bila alama. Valvu za moyo hazina bahati hiyo. Hubaki na kovu, na kila homa mpya inaongeza kovu juu ya kovu, mpaka valvu inakuwa kama mlango wa mbao uliovimba masika: haufunguki sawasawa wala haufungiki.

Sasa sindano. Haitibu kovu lililokwisha kuwapo. Kazi yake ni kumzuia yule bakteria asirudi kooni, ili homa isirudi moyoni. Benzathini penisilini ikichomwa kwenye msuli hukaa pale ikitoka polepole, na baada ya wiki 3 hadi 4 imepungua kiasi kwamba huna ulinzi tena. Ndiyo maana haina likizo. Nawe unalala bweni, vitanda vya ghorofa, mmoja akikohoa wote wamepata. Ulaya na Marekani ugonjwa huu uliua watoto wengi wa shule mwanzoni mwa karne iliyopita, ukapungua watu walipopata nafasi ya kulala na penisilini ilipofika. Kwetu msongamano bado upo, kwa hiyo tunaishikilia penisilini.

Unasoma sayansi, basi nikupe ya kisayansi. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waliandikisha watoto na vijana 818 ambao eko ilionyesha dalili za mwanzo kwenye valvu, ilhali wenyewe hawakuwa na habari. Nusu walichomwa kila mwezi, nusu hawakuchomwa. Baada ya miaka 2, waliochomwa ambao hali ya valvu zao ilizidi kuwa mbaya hawakufika mmoja katika mia. Wasiochomwa walikuwa wanane katika mia. Majibu yalitolewa mwaka 2021. Waliozidiwa nao walianza kama wewe, wakijiona wazima.

Nije kwenye lile la kukuita mgonjwa. Nahisi ndilo hasa, na maumivu ya sindano ni kisingizio. Mama yako ameniambia pia kuna mtu kakunong'oneza uache kliniki, eti binti mwenye ugonjwa wa moyo haposwi. Maneno haya nimeyasikia wodini miaka mingi. Nimepokea wasichana walioolewa kwa siri ya namna hiyo, mume hajui, mkwe hajui, wakaletwa na mimba kubwa hawawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Mimba huongeza damu mwilini karibu nusu ya ile ya kawaida, na damu yote hiyo lazima ipite kwenye mlango uleule. Wapo tuliowaokoa, na wapo waliotushinda. Valvu ikiharibika kabisa, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili wanaibadilisha, siku hizi wengi hawahitaji tena kupelekwa India. Ila ukiwekewa ya chuma utameza dawa ya kuzuia damu kuganda, wafarini, maisha yako yote, damu ipimwe mara kwa mara, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Atakayekuposa ataambiwa, tena nitamwambia mimi. Akikimbia, tumeokoa mahari yake na muda wako.

Utaniuliza mpaka lini. Daktari ndiye atakayesema baada ya eko zako. Wengine huchomwa hadi umri wa miaka 40, wengine zaidi. Ni muda mrefu, sikudanganyi.

Maumivu nayo yana dawa. Mwombe muuguzi achanganye na ganzi, inaruhusiwa, na asukume polepole. Usiende na njaa. Kunywa maji, ulale kitandani unapochomwa, usisimame papo hapo. Wakikuuliza kama penisilini imewahi kukudhuru, jibu kila mara hata kama wamekuuliza mwezi uliopita. Koo likikuuma, au ukianza kuhema usiku, mwambie matroni siku hiyohiyo. Usinunue vidonge viwili dukani ukamaliza hapo.

Ijumaa baba yako mdogo atapita shuleni na barua ya daktari. Nenda naye kituo cha afya, mweleze muuguzi miezi uliyoruka, usimfiche. Jioni azima simu ya matroni unipigie. Netiboli endelea kucheza, daktari hakukukataza.

Wako,
Shangazi Mwanaidi