Nilimtumia Mdogo Wangu Pikipiki, Nikasahau Kofia

Mwaka 2019 nilimtumia mdogo wangu wa kiume shilingi milioni mbili na laki nne anunue pikipiki ya bodaboda. Nilikuwa nimemaliza shahada niliyokuja kuisoma hapa Wales baada ya stashahada yangu ya uuguzi ya nyumbani, na nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Hiyo ndiyo ilikuwa fedha yangu ya kwanza kubwa kutuma Korogwe. Alinipigia simu ya video akiwa amekaa juu ya pikipiki mpya, karatasi za dukani bado hazijabanduliwa, akasema, "Dada, umenitoa." Siku ile nililala usingizi mzuri. Kofia ngumu sikumtumia. Nilijiambia atanunua mwenyewe akishaanza kupata abiria.

Alinunua kweli, ya bei rahisi, na mkanda wake ulikatika baada ya miezi michache. Akawa anaitundika kwenye usukani ili askari wakimwona waone kofia ipo.

Miaka miwili baadaye alikuwa anarudi kutoka kijiji kimoja cha ndani, mvua imenyesha na njia ya udongo inateleza. Cheni ilikuwa imelegea. Ikachomoka kwenye sproketi, ikajisokota kwenye gurudumu la nyuma, na gurudumu likakaba hapo hapo. Alikuwa amevaa ndala. Mfupa wa mguu wa kulia ulivunjika ukatoboa ngozi, na kichwa kikagonga jiwe. Mama alinipigia nikiwa zamu ya usiku. Nilimuuliza maswali ninayowauliza watu kila siku: anaongea? anatapika? macho yake yanafanana yote mawili? Kisha nikaingia chumba cha kuhifadhia shuka nikakaa chini.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini anachechemea, na ukimwambia jambo asubuhi huenda jioni limempotea. Bodaboda aliacha.

Kilichoniuma zaidi ni ile cheni. Baba yetu alikuwa fundi pikipiki. Gereji yake ilikuwa chini ya mwembe, na wateja wake wengi walikuwa mabwana shamba na wasimamizi wa mashamba ya mkonge, waliokuja na Honda XL zilizojaa vumbi mpaka kwenye taa. Mimi na mdogo wangu tulikua tukimshikia spana. Kabla ya kumrudishia mtu pikipiki yake, baba aliiweka cheni juu ya vidole viwili, katikati kati ya sproketi ya mbele na ya nyuma, akaisukuma juu na chini. Ikicheza kupita kiasi, aliikaza. Ikiwa imekaza mno, aliilegeza. Alifariki mwaka 2012. Nilipotuma zile milioni mbili na laki nne, hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumwambia kijana kwamba kila asubuhi aweke vidole viwili pale.

Baada ya ajali ile nilichukia pikipiki zote. Nafanya kazi idara ya dharura, na hapa Wales kuna milima na misitu mingi ambako watu huendesha pikipiki matopeni kwa kujifurahisha. Jumapili jioni huwa wanatuletea mmoja au wawili, buti zimejaa tope, mfupa wa mtulinga umevunjika. Nilikuwa nawahudumia vizuri, lakini moyoni nilisema: hawa wana magari, wana nyumba, bado wanakwenda kutafuta kifo porini. Mdogo wangu alikuwa anatafuta unga.

Siku moja aliletwa mzee wa miaka zaidi ya sitini. Alirushwa juu ya usukani kwenye mteremko wa mawe, akabingirika. Kofia yake ilikuwa na ufa upande mmoja, na kifuani alivaa kinga ya plastiki ngumu iliyochubuka kabisa. Alikuwa amevunjika mtulinga basi. Aliniuliza kama angeweza kupata chai yenye sukari mbili. Nilisimama na ile kofia mkononi kwa muda mrefu kuliko nilivyotakiwa. Mwendo wake ulikuwa mkubwa kuliko wa mdogo wangu, na mawe yalikuwa mengi zaidi.

Mwenzangu mmoja wa kazini hujitolea huduma ya kwanza kwenye mashindano ya enduro. Aliniona na ile kofia, akanialika. Nikaenda, na nia yangu, nawaambieni ukweli, ilikuwa kutafuta sababu ya kuwachukia vizuri zaidi.

Wengi hudhani mashindano ya pikipiki za porini ni yale ya kuruka vilima kwenye uwanja. Hayo ni motokrosi: uwanja mmoja uliofungwa, mizunguko mingi, kelele na kurukaruka. Enduro ni safari ndefu ya kupita msituni, mitoni na kwenye mawe, na kila mmoja ana muda wake wa kutimiza. Mashindano yake makubwa ya kimataifa ya siku sita yalianza mwaka 1913 kwenye mji wa Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, na yamewahi kufanyika hapa Wales pia, Llandrindod Wells. Kanuni iliyonishika ni hii: mwendeshaji anatengeneza pikipiki yake mwenyewe. Tairi ikipasuka, anaibadilisha yeye. Akichelewa kwa ajili ya matengenezo, muda unamhesabia.

Basi siku ile, kabla ya kuanza, nilitembea kati ya magari yaliyobeba pikipiki. Kila mtu alikuwa amepiga magoti. Wanagusa spoki moja moja kwa spana ndogo wasikilize iliyolegea. Wanabonyeza breki. Wanapunguza upepo wa tairi ili lishike tope vizuri. Mama mmoja wa makamo, nywele zina mvi, aliweka vidole viwili chini ya cheni akaisukuma juu, halafu akazungusha gurudumu kidogo akaisukuma tena. Nilimwangalia nikashindwa kuvumilia. Akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia baba yangu alikuwa fundi.

Yeye ndiye aliyenianzisha. Nilichukua leseni ya muda, nikafanya CBT, kozi ya lazima inayomruhusu mwanafunzi kuendesha pikipiki isiyozidi cc 125 barabarani kwa miaka miwili, akiwa na bango la herufi L. Hapa Wales unaweza kubandika D, kwa Kiwelisi. Nikanunua Yamaha WR125R ya mkono wa pili. Kabla ya kulipia pikipiki nilinunua kofia yenye alama ya ECE, buti zinazofika chini ya goti, kinga za magoti na viwiko, kinga ya kifua na mgongo, glavu na miwani ya vumbi. Mume wangu alipiga hesabu akaniuliza kama nanunua pikipiki au nguo.

Kuendesha matopeni kulinifundisha unyenyekevu. Unasimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea kidogo, ili pikipiki icheze chini yako bila kukurusha. Macho yanatazama mbali, pale unapotaka kufika, kwa sababu ukilikodolea macho jiwe utaligonga. Mizizi iliyolowa unaivuka pikipiki ikiwa imenyooka, hushiki breki ya mbele juu yake. Nimeanguka mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Nainuka, najipangusa, naendelea, na kila ninapoinuka nakumbuka kwamba kuna mtu alianguka mara moja tu.

Sheria pia nilijifunza. Uingereza na Wales si kila njia ya porini unaruhusiwa. Njia za waenda kwa miguu na za farasi ni marufuku kwa pikipiki, na sheria ya mwaka 2006 ilifuta haki za vyombo vya moto kwenye njia nyingi za zamani. Palipobaki unapita ukiwa na namba, bima na kodi kama barabarani, na cheti cha ukaguzi pikipiki ikishapita miaka mitatu. Ukikutana na farasi unasimama na kuzima injini.

Nikirudi nyumbani kazi ndiyo inaanza. Naosha pikipiki kabla tope halijakauka, ila maji ya kasi siyaelekezi kwenye beringi. Chujio la hewa, ambalo ni sponji, nalitoa, nalifua, nalikausha na kulipaka mafuta yake, kwa sababu vumbi likiingia ndani ya injini linasaga pistoni na silinda kama msasa. Mwisho, cheni.

Hapo ndipo mdogo wangu alipoingia. Nilimficha habari hizi karibu mwaka mzima. Niliona ni kama kumkejeli: yeye pikipiki ilimvunja, mimi nachezea. Jioni moja alinipigia kwa video nikiwa bandani mikono imechafuka, simu ikapokewa na binti yangu, naye bila kujua akamgeuzia kamera. Kimya. Kisha nikasikia, "Dada, hiyo cheni unaipima vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Zungusha tairi. Kuna sehemu cheni imechakaa na sehemu haijachakaa. Pima pale inapobana zaidi. Ukipima inapolegea halafu ukakaza, itakatika. Halafu kumbuka ukikaa juu shokapu zinashuka, cheni inakaza yenyewe. Baba alisema."

Baba alisema. Mimi nilikuwa nimesahau hilo, na yeye, ambaye hakumbuki alikula nini mchana, alilikumbuka lote. Tulifanya kazi pamoja kama saa nzima, yeye Korogwe, mimi Wales, binti yangu akishika simu. Tulipomaliza nilimwambia nilichokaa nacho tangu 2021: kwamba nilipaswa kutuma na kofia. Alinyamaza kidogo. Akasema, "Na mimi nilipaswa kuangalia cheni." Hatukuongeza neno.

Tangu wakati ule anakaa kwenye kijiwe cha bodaboda karibu na nyumbani, chini ya mwavuli, na boksi la spana. Vijana wanapita asubuhi anawapimia cheni, breki na upepo. Anaandika kwenye daftari kila alichofanya, maana asipoandika anasahau. Wengine wanamlipa, wengine wanamwahidi.

Nawaandikia haya kwa sababu najua wengi wetu huku ughaibuni tumeshanunua, au tutanunua, pikipiki kwa ajili ya ndugu. Ni msaada mzuri, unalisha nyumba nyingi. Naomba tu usifanye hesabu niliyoifanya mimi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwa hiyo kwenye bei ya pikipiki weka kofia mbili, ya dereva na ya abiria, zenye mkanda unaofunga. Usinunue ya mtumba, hujui ilishagonga nini. Iliyopata pigo kubwa haitumiki tena hata kama inaonekana nzima. Weka viatu vya kufunika mguu. Weka ada ya mafunzo na leseni. Weka fungu dogo la kila mwezi la cheni, breki na tairi. Kama fedha haitoshi yote, subiri mwezi mmoja au miwili, pikipiki haikimbii dukani.

Na la mwisho kama muuguzi: ukimkuta aliyeanguka, usikimbilie kumvua kofia wala kumvuta akae. Kama anapumua, mwache alivyolala, shika kichwa na shingo visitikisike, itisha msaada. Kofia inavuliwa pale tu inapomzuia kupumua, na inahitaji watu wawili, mmoja ashike shingo.

Mama bado hajakubali. Aliziona picha zangu za mashindano yangu ya kwanza, ambayo nilimaliza wa pili kutoka mwisho, akaniuliza kama watoto wangu nimemwachia nani. Sikuwa na jibu la kumridhisha, na sidhani kama lipo. Mama aliyekaa kando ya kitanda cha mwanawe siku tisa akisubiri aitwe jina lake ana haki ya kuogopa.

Desemba tunakwenda nyumbani, Mungu akipenda. Kwenye sanduku kuna kofia mbili mpya, za mdogo wangu kuwaonyesha vijana wa kijiweni namna kofia inavyotakiwa kukaa kichwani. Nilimwambia mama kwenye simu. Akafikiri, akasema, "Zilete. Lakini ukifika hapa, wewe hupandi."

Nimemwitikia, "Sawa, mama."